Mzee Aliyesahau Nyumba Yake Akae Wapi?

Siku chache zilizopita alitufikia ofisini msomaji wetu mmoja, mfanyakazi wa Lindi mjini, mtu wa makamo, mwenye adabu na maneno machache. Hakuja kulalamikia mshahara wala kuleta tangazo la mkutano. Alikuja na swali moja tu, akalitamka huku ameinamisha kichwa kama mtu anayekiri kosa: "Ndugu Mhariri, mama yetu ametusahau sote. Je, nikimtafutia mahali pa kutunzwa, nitakuwa nimemtupa?" Tulimpa kiti, tukamsikiliza mpaka mwisho. Alipokwisha kuondoka tuliona ya kwamba swali lile si lake peke yake. Ni swali linaloulizwa kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi za Pwani yetu, toka Somanga hadi Mchinga, na linaulizwa kwa sauti ya chini kwa sababu watu huliona kuwa ni aibu. Leo twataka kulisema kwa sauti kubwa.

Mama wa ndugu yetu huyo anakaa Kilwa Kivinje. Umri wake umepita miaka 80. Ujanani alisuka ukili, akauza samaki wa kukaanga, akazaa watoto sita na kuwalea wote hata wakasimama kwa miguu yao. Maradhi yake yalianza kwa mambo madogo. Alitia chumvi mara mbili katika mchuzi. Aliuliza jambo lile lile mara tano kabla ya adhuhuri. Kisha akaanza kumwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Halafu alfajiri moja akakutwa ufukweni, amejifunga kanga moja, akilingoja jahazi la mumewe, na mumewe alikwisha kuzikwa miaka zaidi ya 20. Vijana waliomwona gizani hawakumjua. Mmoja alipiga kelele kwamba ni mchawi, na wengine wakaanza kuokota mawe. Laiti balozi wa shina asingalitoka nyumbani kwake kwenda sala ya alfajiri, na laiti asingaliitambua sauti ya bibi yule, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Yafaa kwanza tuseme wazi jambo hilo ni kitu gani. Si uchawi. Si jini. Si laana ya mtoto aliyekosa radhi, wala si "uzee tu" kama tunavyopenda kujifariji. Ni maradhi ya ubongo. Waganga wa hospitali huyaita dimensha, nasi kwa lugha yetu twaweza kuyaita maradhi ya usahaulifu, ingawa kusahau ni mlango wake tu; ndani yake mna kupotea njia, kubadilika tabia, kukosa usingizi, kuwashuku jamaa kuwa wezi, na mwishoni kushindwa hata kula na kwenda haja bila msaada. Aina iliyo ya kawaida kupita zote ina jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyewaeleza wenzake mwaka 1906 habari za mwanamke mmoja aliyemtibu, ambaye kumbukumbu zake zilimtoka angali hajawa mzee sana. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, na hapo shinikizo la damu na kiharusi, ambavyo twavijua sana hapa kwetu, vina sehemu kubwa.

Wala mtu asidhani kwamba maradhi haya ni ya Wazungu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nayo, na zaidi ya nusu yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania, wachunguzi waliokwenda nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, waliona ya kwamba katika kila wazee 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wapatao sita walikuwa na maradhi hayo. Hai si Kilwa, lakini binadamu ni binadamu. Ikiwa hali yetu inakaribia hiyo, basi hakuna kijiji cha mwambao huu kisicho na mzee wa namna hiyo, na hakuna ukoo mkubwa utakaoikwepa zamu yake.

Sasa turudi kwa swali la ndugu yetu. Kabla ya kuuliza mzee akae wapi, lazima kuuliza mzee ana nini. Twasema hivi kwa mkazo, maana tumeona familia zikiharakisha kutafuta makazi au mganga kabla ya kufika hospitali. Yako maradhi yanayofanana na usahaulifu nayo yanatibika: tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya siku nyingi, virusi vya Ukimwi, huzuni kubwa baada ya msiba, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, hata dawa nyingi zinazomezwa pamoja. Na mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, akachanganyikiwa ghafula leo, huyo mara nyingi ana homa, malaria, ugonjwa wa mkojo au upungufu wa maji mwilini. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile. Kilwa Kivinje ina hospitali yake ya Kinyonga. Lindi ina Sokoine. Nyangao na Ndanda zina hospitali za misheni zilizowatibu babu zetu. Mzee mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki, kwa sera ya Serikali, ya kutibiwa bila malipo. Ikitokea dirishani wakasema dawa hakuna, hilo ni la kudai, si la kunyamazia.

Lakini daktari akisha kuthibitisha kwamba ni dimensha yenyewe, hapana budi kumeza ukweli: hata leo hakuna dawa ya kuiponya. Mgonjwa ataishi nayo miaka mingi, na kila mwaka atahitaji mikono zaidi. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mikono hiyo ni ya nani?

Katika nyumba ya ndugu yetu mikono hiyo ni ya dada yake mmoja. Alikuwa na genge lake la kuuza vitafunio karibu na kituo cha mabasi, amelifunga. Mumewe, baada ya kuvumilia mwaka mmoja, amerudi kwao. Usiku hulala kwenye mkeka kizingitini, mwili wake ndio kitasa, ili mama asitoke. Kaka zake watatu hutuma fedha kwa simu wanapokumbuka, na hutuma mashauri hata wasipokumbuka fedha. Nduguye wa kike aliye Masoko huja Ijumaa, hulia kidogo, huondoka kabla ya magharibi. Hali hii si ya nyumba moja. Ulizeni katika mtaa wenu: palipo na mzee wa namna hii, pana mwanamke mmoja aliyeachwa naye, na jirani humsifu kwa maneno mazuri, wala hakuna anayemshika mkono.

Ukoo ulikutana. Kaka mkubwa, aliye Dar es Salaam, akasema mama apelekwe kwenye makazi ya wazee, gharama ataitoa yeye. Mjomba, ambaye kwa mila za Kimwera neno lake lina uzito, akapiga fimbo chini akasema, "Tangu lini sisi tukawapa watu baki mama yetu?" Wengine wakagawanyika, nusu huku, nusu kule. Walibishana tangu baada ya adhuhuri hata taa zikawashwa. Yule dada hakusema neno. Alikuwa uani anamwosha mama.

Twasema bila kuficha: katika mkutano ule, mtu pekee aliyekuwa na haki ya kusema kwanza ndiye aliyekuwa hayupo. Mjomba alitetea heshima ya ukoo kwa nguvu za mtu mwingine. Kaka mkubwa alitaka kununua utulivu kwa fedha, na makazi yenyewe alikuwa hajayaona. Hayo ni makosa mawili, na kila familia yenye jambo hili huelekea kuangukia mojawapo. La kwanza ni kiburi, kinachosema "hatupeleki mzee popote," kisha mzee akafungiwa chumbani. La pili ni haraka, inayosema "apelekwe," kisha akasahauliwa huko.

Tukitaja kufungiwa, hatusemi kwa mfano. Wakulima wetu wajua ya kwamba msimu wa palizi au wa kuokota korosho nyumba nzima huhamia shamba. Mzee aliyepotewa na akili hawezi kuandamana nao, naye huachwa nyuma ya mlango wenye kufuli, na ndoo moja ya maji, mpaka jioni. Tumesikia pia habari za wazee waliofungwa kamba kiunoni, na wengine waliopelekwa vilingeni wakakaa miezi. Hatuwatukani waliofanya hivyo. Wengi wao ni watu wema walioshindwa. Lakini pia hatuwezi kuliita jambo hilo matunzo ya nyumbani, eti kwa kuwa kufuli limetiwa na mtoto wa kuzaa. Nyumba yenye kufuli ni gereza hata ikiwa ya ukoo.

Je, makazi yapo? Hapa yatupasa kusema kweli kwa wasomaji wetu. Toka mto Rufiji kuja hadi Lindi, mtu hakuti nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wenye maradhi haya. Makazi ya Serikali yaliyo sehemu mbalimbali za nchi, kama vile Nunge ya Kigamboni, Fungafunga ya Morogoro, Kolandoto ya Shinyanga na Bukumbi ya Mwanza, yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na jamaa wa kuwatunza. Baadhi yalianza kama makao ya wagonjwa wa ukoma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo, na makazi ni kimbilio la mwisho. Unguja, Serikali ya Mapinduzi ina nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na tangu mwezi wa Aprili, 2016, Zanzibar ilianza kuwapa pensheni wazee wote wenye miaka 70 na zaidi, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi. Katika miji mikubwa zimeanza pia nyumba za watu binafsi na za mashirika ya dini. Jirani zetu wa Kenya wanazo Nairobi, miongoni mwazo Nyumba ya Wazee ya Kasarani inayotunzwa na masista.

Basi kwa mtu wa Kilwa, kuchagua makazi ni kuchagua pia umbali. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni yapata kilomita 300. Siku hizi barabara ni ya lami, na Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 limetuondolea kivuko cha Rufiji. Lakini tusisahau mwezi wa Mei, 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara, na Kusini yote ikabaki imetengwa na mji mkuu wa biashara. Mzee aliyewekwa mbali atatembelewa mara ngapi kwa mwaka? Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni kiasi gani cha mshahara wa kibarua wa mashamba ya chumvi? Hesabu hiyo na ifanywe kabla, si baada.

Hata hivyo hatusemi ya kwamba asipelekwe mtu. Twasema: kumtafutia mzazi mahali pa kutunzwa si kumtupa. Mtu hutupa kitu asichotaka kukiona tena. Anayechagua kwa makini, akaja kila mara kutazama, akauliza na kugomba panapostahili kugomba, huyo anatunza bado, ila ameongeza mikono. Na tukubali kwamba yako mambo ambayo upendo peke yake hauyawezi. Mzee anayetembea usiku kucha, au anayempiga anayemwosha, au asiyeweza tena kumeza vizuri, anahitaji watu wa zamu, waliofundishwa. Binti mmoja asiyelala hawezi kuwa zamu tatu.

Ikiwa basi familia imefikia hapo, yafaa ichague vipi? Tumewauliza wauguzi na maafisa wa ustawi wa jamii, na watu waliokwisha kupita njia hiyo. Haya ndiyo tuliyoyakusanya.

Kwanza, asiende mtu mmoja, na asiende mara moja. Nendeni mchana kwa miadi. Kisha rudini bila miadi, jioni wakati wa chakula au asubuhi mapema. Wageni wakitazamiwa, kila nyumba hufagiliwa. Yale ya siku isiyotazamiwa ndiyo kweli. Vuteni pumzi mlangoni: harufu ya mkojo wa siku nyingi haifichiki kwa manukato. Tazameni kama wazee wamevaa, wameoga, wametolewa nje kivulini, au wamelazwa mfululizo wakitazama dari.

Pili, ulizeni habari za usiku. Maradhi haya hayalali, na wagonjwa wengi huzidi kuhangaika jua linapotua. Ni watumishi wangapi wanaokesha? Mzee akitaka kutoka, hufanywaje? Kama jibu ni kamba, au kama jibu ni vidonge vya kumlaza kutwa na kucha, mchukueni mzee wenu mwondoke. Nyumba iliyojengwa kwa akili ina ua uliozungushiwa, ambamo mzee aweza kutembea atakavyo asipotee. Huko Uholanzi, katika mji wa Weesp, kimejengwa tangu mwaka 2009 kijiji kizima kwa ajili ya watu hawa, kiitwacho Hogeweyk, chenye duka, bustani na njia za kutembea. Wageni hukisifu kama ajabu ya dunia. Sisi tuliolelewa kwenye nyumba zenye ua wa nyuma na baraza ya mbele twaweza kuyaelewa hayo bila kupanda ndege.

Tatu, ulizeni lugha na ibada. Mwenye maradhi haya husahau kwanza aliyojifunza jana, na hushika mpaka mwisho aliyonyonya na maziwa. Bibi wa Kimwera au wa Kingindo aliyesema Kiswahili safi miaka 60 aweza kurudi kwenye lugha ya mama yake, asielewe tena anayemwambia "kaa" au "fungua kinywa." Je, yupo atakayemwelewa? Mwislamu ataelekezwa kibla na kupewa maji ya udhu? Mkristo atasomewa sala zake? Mwanamke ataogeshwa na mwanamke? Mtu asiseme kwamba haidhuru, maana mgonjwa hajijui. Haya atayajua. Aibu na staha hudumu baada ya majina kupotea.

Nne, ulizeni chakula na maradhi ya mwili. Nani anayemlisha asiyeweza kujilisha, na kwa haraka gani? Mgonjwa akianguka au akipata homa, hupelekwa hospitali ipi, kwa gari gani, na familia hupewa habari saa ngapi? Nani anayetunza daftari la dawa? Ombeni kuliona. Nyumba iliyo safi haiogopi daftari lake kusomwa.

Tano, ulizeni karatasi. Nyumba imesajiliwa? Afisa ustawi wa jamii huja kuikagua? Ada ni kiasi gani, na ndani yake mna nini: dawa, nepi za watu wazima, sabuni, au kila kimoja kinalipwa mbali? Fedha za familia zikiisha, mzee atawekwa wapi? Mapatano yote yaandikwe na kutiwa sahihi. Tumeona watu wanaosoma mkataba wa kukopa pikipiki mstari kwa mstari, nao humkabidhi mama yao kwa maneno ya mdomo.

Sita, na hili ndilo husahauliwa, mwulizeni mzee mwenyewe. Katika siku za mwanzo wa maradhi bado ana akili ya kusema apendalo. Mwulizeni angependa kukaa na nani, azikwe wapi, shamba lake na minazi yake afuatilie nani. Kumwuliza mapema kutaondoa ugomvi wa baadaye. Na siku ya kuhama, asiende mikono mitupu kama mfungwa. Mkeka wake, kanga zake, tasbihi au rozari yake, picha ya mumewe, hata kinu kama alizoea kutwanga: vitu hivyo humfanya ajione hajapotea kabisa.

Saba, gawaneni zamu ya kutembelea kabla hajaondoka nyumbani, iandikwe kama zamu za kazini. Nyumba yoyote, iwe ya Serikali, ya misheni au ya biashara, humtunza vizuri zaidi mzee ambaye jamaa zake hawajulikani watakuja siku gani, ila hujulikana hakika kwamba watakuja.

Hayo ni ya familia. Lakini haitoshi kuwahubiria watoto wema, hali jamii nzima imekaa kando. Mwaka 2016 Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Haki za Wazee, iliyoanza kutumika mwezi wa Novemba, 2024. Ndani yake mna masharti juu ya matunzo ya nyumbani, juu ya makazi, na juu ya kuwakinga wazee na tuhuma za uchawi. Maneno hayo ni mazuri. Twataka yashuke kutoka kwenye karatasi yafike Kivinje.

Kwa hiyo twaziomba Halmashauri zetu za Kilwa na Lindi zianze na jambo lisilohitaji majengo makubwa: katika kila tarafa, pawepo mahali pa wazee kushinda. Chumba kimoja chenye hewa, ua wenye mzunguko, wahudumu wawili au watatu waliofundishwa, uji wa asubuhi na chakula cha mchana. Mzee aletwe asubuhi, arudishwe jioni, na binti yake apate kwenda genge au shambani akijua mama hakufungiwa. Kwa familia nyingi msaada huo utaondoa kabisa haja ya kumhamisha mzee. Twaomba pia wahudumu wa afya wa vijijini wafundishwe kuitambua dimensha, ili mzee apate jina la ugonjwa wake kabla hajapewa jina la mchawi. Na pale zinapofunguliwa nyumba za malipo, zikaguliwe kwa ghafula, mwenye makosa afungiwe. Mgonjwa asiyeweza kusimulia alivyotendewa ndiye anayestahili mkaguzi mkali kupita wote.

Kwa mabalozi wa mashina na viongozi wa mitaa twasema neno dogo. Mwajua kila nyumba. Jueni pia mzee yupi amepotewa na kumbukumbu, mwandike jina lake na simu ya jamaa yake, mwaambie vijana wa mtaa: huyu ni bibi yenu, akionekana usiku arudishwe nyumbani kwa upole. Kazi hiyo haina posho. Alfajiri ile ya Kivinje iliokoa uhai wa mtu.

Na vipi yule ndugu yetu? Tulimwambia arudi kwao, ukoo ukutane tena, na safari hii dada yake aanze kusema. Amekuja kutuarifu. Dada alisema kwa muda wa dakika kumi, na kwa maneno yake ndugu yetu, "hakuna aliyekohoa." Kisha wakapatana. Mama atabaki Kivinje kwa sasa. Kaka watatu watamlipa jirani mmoja, mwanamke mzoefu, ashinde na mama toka asubuhi hata alasiri, na genge litafunguliwa. Nduguye wa Masoko atachukua siku tatu za kila wiki, pamoja na usiku wake. Ua utazungushiwa. Kaka mkubwa amepewa kazi ya kuzitazama nyumba za matunzo huko aliko, kwa macho yake, bila miadi, alete habari. Nao wameandika dalili watakazozitazama: mama akianza kuanguka mara kwa mara, au akishindwa kumeza, au dada akiugua, basi watampeleka, na hakuna atakayemwita mwenziwe msaliti. Mjomba alikuwa wa kwanza kutia dole gumba.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani aliyeitwa baba wa vipawa, aliyeketi na mafukara akala nao chakula kimoja. Karne karibu saba zimepita, na bado sifa hiyo husomwa. Pwani yetu haijapungukiwa na ukarimu. Kilichopungua ni mpango wa kuutumia, na mpango huanza kwa watu kuketi pamoja na kusema kweli juu ya nani anaosha, nani analipa, na nani analala kizingitini.

Basi jibu letu kwa swali la ndugu yetu ni hili. Mzee aliyesahau nyumba yake na akae pale ambapo atalishwa bila kuharakishwa, ataoshwa bila kudhalilishwa, atatembea bila kufungwa, na atatazamwa mara kwa mara na wale ambao yeye amewasahau nao hawajamsahau. Pakiwa nyumbani, vema. Pakiwa kwingine, vema vile vile. Aliyetupwa ni yule asiyeendewa na mtu, hata akiwa amelala chumba cha pili katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.